Kabla ya Kufukia Timbo: Kutambua Kinachowasumbua Wanyamapori Kando ya Machimbo ya Kokoto Nairobi

Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano yaliyomwagika wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika, na imejengwa kwa mawe hayo hayo. Kokoto ya zege, mawe ya kuta yanayokatwa kwa mashine na vumbi la mawe linalotandazwa barabarani kabla ya lami hutoka katika matimbo ya Njiru, Embakasi, Mlolongo, Kitengela na Ndarugo upande wa Juja. Upande huo wa mashariki na kusini ndiko pia zinakoanzia nyanda za Athi na Kapiti, ambako wanyama wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 ikiwa na kilomita za mraba 117, hutoka kutafuta malisho kwa kuvuka mpaka wa kusini usio na ua. Kwa hiyo anayechimba kokoto huko anachimba mlangoni mwa wanyama, hata kama hajawahi kuona mnyama mkubwa kuliko nguchiro.

Mwongozo huu ni wa mkazi, mwalimu, msimamizi wa timbo au fundi wa kurejesha ardhi ambaye ameona jambo likienda mrama na anataka kujua chanzo chake kabla ya kutumia fedha. Makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni kulilaumu timbo kwa kila kifo cha mnyama, hata pale ambapo majitaka ya mtaa wa juu ndiyo yanayoua. La pili, ambalo kwa maoni yangu lina madhara makubwa zaidi, ni kuamini kwamba kufukia shimo ni tiba ya kila kitu. Shimo lililoachwa kwa miaka 10 limekwisha kupata wenyeji: vyura majini, bundi kwenye ukuta wa mawe, pimbi katika marundo ya mawe yaliyokataliwa na wachongaji. Ukilijaza taka za ujenzi kwa nia njema, umeharibu makao kwa mara ya pili, na safari hii hakuna hata kokoto iliyopatikana.

Kabla ya kuangalia dalili yoyote, chagua mahali pa kulinganisha. Kama tatizo liko kwenye maji, mahali hapo pawe juu ya timbo, maji yakiwa bado hayajalifikia. Kama liko kwenye mimea au ndege, pawe penye udongo na mwinuko kama huo lakini mbali na vumbi. Fika mara tatu kwa siku moja: alfajiri, adhuhuri na baada ya jua kutua. Rudia katika mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na katika mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Dalili inayoonekana pande zote mbili kwa kiwango kile kile haikuletwa na timbo.

Vyura wamenyamaza

Ninaanza na vyura kwa sababu wao hudhurika mapema. Ngozi yao hupitisha maji na hewa, na mayai yao hayana gamba, hivyo kilichomo majini huingia mwilini mwao moja kwa moja. Sikiliza kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu usiku, siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Ukimya wa Agosti si dalili, kwa kuwa wakati huo vyura wengi wamejificha. Ukimya wa Aprili, maji yakiwa yamejaa, ni dalili nzito.

Chukua chupa tatu za plastiki zisizo na rangi. Moja ijaze maji ya juu ya timbo, ya pili maji yaliyo kando yake, na ya tatu maji ya chini, kisha uziweke usiku kucha mahali ambapo hazitatikiswa. Asubuhi, chupa ambayo maji yake bado ni meupe au ya kijivu kama maziwa yaliyozimuliwa ina unga laini wa mtambo wa kusaga mawe. Unga huo hauzami upesi. Huziba matamvua ya viluwiluwi na samaki na kufunika mayai. Ikiwa mashapo mazito yametua chini na maji ya juu ni safi, lawama iende kwenye marundo ya udongo wa juu yaliyoachwa wazi yasombwe na mvua. Maji mekundu katika chupa zote tatu ni udongo wa mashamba na barabara za juu, wala si wa timbo.

Maji ya kijani yanahitaji uangalifu zaidi. Baruti inayotumiwa kupasua mwamba kwa kawaida hutengenezwa kwa amonia naitreti, na masalia yake yakioshwa na mvua huingia majini kama mbolea na kuotesha mwani. Majitaka nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Tofauti utaipata kwa kulinganisha: ikiwa chupa ya juu ni ya kijani pia, ina povu na inanuka, mwenye timbo hana kesi ya kujibu katika hilo, kwa kuwa mito ya Nairobi, Ngong na Mathare hufika upande wa mashariki ikiwa tayari imebeba uchafu wa mji mzima. Ikiwa chupa ya chini pekee ndiyo ya kijani, uliza tarehe za kulipua baruti na uone kama kijani hicho huongezeka katika siku zinazofuata.

Wakati mwingine juu ya maji hutanda utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na watu husema mara moja kwamba ni dizeli. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo chembamba na visiungane tena, umefanywa na bakteria wa chuma, ambao ni wa kawaida katika maji yaliyotulia. Ukizunguka kijiti na kujiunga tena, ni mafuta ya mitambo.

Kuna chanzo kingine ambacho husahaulika kwa kuwa kinatokana na wema. Mtu hutia vifaranga vya ngege katika bwawa la timbo ili vijana wapate kitoweo, na samaki hao hula mayai na viluwiluwi hadi vyura watoweke. Mwingine humwaga oili chafu juu ya maji ili kuua mbu, na kwa kufanya hivyo huua pia viluwiluwi na watoto wa kereng'ende, ambao ni miongoni mwa viumbe wanaokula viluwiluwi wa mbu. Waulize majirani kwa upole kabla ya kuandika barua ya malalamiko.

Tiba hufuata chanzo. Kwa unga wa mawe, maji ya kuoshea kokoto yapitishwe katika mabwawa mawili au matatu ya kutulizia tope, yanayofuatana, na tope lizolewe kabla ya Machi. Bwawa lililojaa tope ni njia tu ya kupitisha maji machafu taratibu. Kwa marundo ya udongo, panda nyasi juu yake wiki ile ile yanaporundikwa. Kwa mafuta, tangi na mahali pa kujazia pawe juu ya sakafu ya zege yenye kingo. Samaki waliotiwa katika dimbwi dogo wanaweza kuondolewa kwa wavu, au dimbwi likaachwa likauke kiangazi kimoja. Vyura wengi wa huku wamezoea maji ya msimu, na samaki ndio wasiostahimili ukame huo.

Wanyama wanakutwa wamekufa ndani ya shimo

Hapa swali la kwanza ni kama mnyama alianguka, alizama au aliletwa. Mnyama aliyevunjika miguu chini ya ukuta wa wima alianguka, na mara nyingi usiku, nyasi zikiwa zimefunika ukingo. Anayeelea majini huku udongo wa kingoni ukiwa na alama za kwato au kucha zinazorudi kwenye maji alishuka kunywa akashindwa kupanda. Tukio la namna hii huongezeka Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Septemba, visima vya kawaida vikiwa vimekauka na maji ya timbo yakiwa ndiyo pekee yaliyosalia. Mzoga usio na jeraha, ulio mbali na ukuta na mbali na maji, unaweza kuwa wa ugonjwa au sumu. Usiuguse, usimruhusu mbwa kuukaribia, na utoe taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, kwa kuwa kimeta na kichaa cha mbwa huambukiza binadamu.

Ua wa seng'enge peke yake hautoshi. Huzuia pundamilia na swala, lakini nungunungu, kobe na nguchiro hupita chini yake, na wakishaingia ua huo huo huwazuia kutoka. Linalosaidia zaidi ni kutengeneza mahali pa kutokea: mteremko wa mawe na udongo usio mkali kuliko mita 1 ya kupanda kwa kila mita 3 za kwenda mbele, wenye uso wa kukwaruza, unaoanzia chini kabisa ya maji ili ufae hata maji yakipungua. Jenga miwili, kwenye pembe zinazokabiliana, kwa sababu mnyama aliyechoka huogelea akifuata ukuta na huenda asifike upande wa pili. Magogo machache yaliyofungwa kingoni huwaokoa ndege wachanga na wanyama wadogo. Miteremko hiyo hiyo huwafaa watoto wetu, ambao huzama katika mabwawa ya matimbo yaliyoachwa kila mwaka unaokuja na mvua nyingi, na sioni sababu yoyote inayoweza kutetea timbo lililofungwa bila kuwa na mahali pa kutokea.

Ndege wameuacha ukuta wa mawe

Ukuta wa timbo, hasa sehemu yake ya juu yenye udongo laini, huwavutia kerem na mbayuwayu wanaochimba vitundu vya kutagia, na katika kingo za mwamba hukaa bundi na kozi. Siku moja vitundu hivyo huwa vitupu, na lawama ya kwanza huenda kwa baruti. Si mara zote lawama hiyo ni ya haki. Ndege wa ukutani huweza kuzoea mlio unaokuja kwa saa maalumu kutoka mbali kuliko wanavyoweza kumzoea mtu anayesimama ukingoni juu yao. Keti umbali wa mita 200 hivi kwa saa mbili asubuhi yenye kazi ya baruti. Ikiwa ndege huruka mlipuko unaposikika na kurudi baada ya dakika chache, mlipuko huo haujawafukuza. Ikiwa hawarudi kwa sababu kuna watu, mbuzi au wachukuaji mchanga juu ya ukuta, umepata jibu. Ikiwa vitundu vimekatwa katikati na meno ya mashine, jibu liko wazi zaidi.

Nimewahi kusimama kando ya timbo moja mashariki mwa mji wakati malori yakilijaza udongo mweusi wa ujenzi, na kerem wakiruka huku na huku na wadudu midomoni, wakitafuta vitundu ambamo vifaranga wao walikuwa wamefukiwa hai. Msimamizi alisema kwa fahari kwamba anarejesha mazingira. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuna sheria aliyodhani anaivunja. Hakuna aliyemwambia atazame ukuta kabla ya kuujaza. Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba ukuta wowote wenye vitundu hai uachwe hadi vifaranga watoke, na kwamba katika mpango wa kufunga timbo, sehemu moja ya ukuta iachwe wima kwa makusudi, iwekewe ua upande wa juu, na isilainishwe kuwa mteremko kwa ajili ya uzuri wa picha.

Miti ya kandokando inanyauka

Vyanzo vikuu hapa ni viwili, na hufanana sana kwa macho: vumbi na kushuka kwa maji ya ardhini. Pangusa jani kwa kitambaa cheupe. Vumbi likiwa ndilo chanzo, kitambaa kitakuwa cha kijivu, uharibifu utakuwa mkubwa upande ambao upepo unaelekea, ambao kwa Nairobi mara nyingi ni magharibi mwa timbo kwa kuwa pepo nyingi hutoka mashariki, na miti itapata nafuu mvua ikinyesha. Vumbi huziba matundu ya kupumulia ya jani, hupunguza mwanga unaolifikia, na huwafukuza wadudu ambao ndege huwategemea. Wanyama walao nyasi nao husaga mchanga kwa meno yao kila wanapokula. Kushuka kwa maji ya ardhini, kwa upande mwingine, hakujali upepo. Huanza na miti ya bondeni iliyozoea kuwa na maji karibu, kama vile mgunga wa kando ya mto, na mvua haileti nafuu ya kudumu.

Ili kuhakikisha, pima kina cha maji katika kisima kilicho karibu kwa kamba yenye mafundo na uzito mwishoni, siku moja kila wiki, saa ile ile. Maji yakishuka kila pampu ya timbo inapofanya kazi na kupanda inapozimwa, huhitaji ushahidi mwingine.

Vumbi hutulizwa kwa kumwagia barabara maji, kufunika malori kwa turubai na kuweka vinyunyizio kwenye mtambo wa kusaga. Hata hivyo, uliza boza la maji linajaza wapi. Likivuta kutoka kijito kidogo wakati wa kiangazi, tatizo limehamishwa tu kutoka kwenye majani hadi kwa vyura. Maji yanayotolewa shimoni kwa pampu, yakishatulizwa tope, ndiyo yanayofaa kumwagwa barabarani, na yanayobaki yarudishwe ardhini karibu na miti.

Ardhi imerejeshwa, ni ya kijani, lakini haina kiumbe

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote, kwa sababu aliyeifanya kazi ameshapigwa picha na ameshasifiwa. Miti imesimama kwa mistari, nyasi zimeota, ila alfajiri husikii ndege na ukigeuza jiwe hupati hata jongoo.

Anza na udongo. Baada ya mvua ya siku mbili, sukuma nondo nyembamba ardhini kwa mikono. Ikikwama kabla ya sentimita 20 katika sehemu nyingi, malori yameushindilia udongo ulipokuwa ukimwagwa, na mizizi pamoja na minyoo haiwezi kushuka. Kisha chukua mkebe uliokatwa pande zote mbili, ukandamize kidogo ardhini, umimine maji na uhesabu dakika. Fanya hivyo pia pale mahali pako pa kulinganisha. Tofauti ya dakika hizo itakueleza kwa nini nyasi za hapa hunyauka wiki moja baada ya mvua na za kule hubaki. Ardhi iliyoshindiliwa ichanuliwe kwa jembe refu la trekta kabla ya kupanda chochote tena.

Uliza pia udongo wenyewe ulitoka wapi. Udongo mweusi unaochimbwa katika misingi ya majumba ya Nairobi hutafutiwa mahali pa kutupwa kila siku, na timbo au kinamasi huonekana kama jibu la bure. Udongo huo hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, hukata mizizi michanga, na ukimwagwa mnene huzuia maji kuzama. Udongo wa juu wa mahali penyewe, wenye mbegu na viumbe vyake, ulipaswa kuondolewa kabla ya kuchimba na kuwekwa katika rundo lisilozidi takriban mita 2, kwa kuwa uliorundikwa juu sana hukosa hewa na viumbe vilivyomo hufa. Kama uliuzwa, kama ilivyo kawaida, itabidi uutengeneze upya kwa samadi na majani yanayooza, na kazi hiyo huchukua miaka.

Hakuna mfano bora wa jambo hili nchini kuliko machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, yanayojulikana leo kama Haller Park. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti katika sakafu ya mawe ya matumbawe iliyokuwa na chumvi na isiyo na udongo. Kati ya aina 26 alizopanda, ni 3 tu zilizostahimili: mvinje, mnazi na mti wa damas. Mvinje ulikua vizuri, lakini majani yake yaliyoanguka yalilala chini kama zulia bila kuoza, kwa hiyo udongo haukuzaliwa. Jongoo wa pwani wenye miguu myekundu ndio waliotatua tatizo hilo: waliyala majani, na kinyesi chao kikawarahisishia bakteria kazi, hadi udongo mweusi ukaanza kujengeka na miti mingine ikaweza kuota. Wanyama wakubwa wanaotazamwa na wageni leo walifuata baada ya jongoo. Kwa hiyo mwenye eneo la kijani lisilo na ndege ajiulize ni nani anayeozesha majani. Mara nyingi jibu ni kwamba majani hufagiwa na kuchomwa ili mahali paonekane safi, na kuacha kuchoma ndiyo hatua ya kwanza, tena isiyogharimu kitu.

Pwani hiyo hiyo inatupa pia onyo. Mwaka 1973 mbegu za mti unaoitwa mathenge ziliagizwa kutoka Brazil na Hawaii kwa ajili ya kurejesha machimbo karibu na Mombasa, kwa kuwa mti huo hukua haraka na haujali ukame wala chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa Baringo ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukatoroka, ukaziba malisho na njia za maji, na wafugaji wakalalamika kwamba maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi. Kwa hiyo, mtu akikuletea mche usioujua na sifa yake pekee ni kwamba hukua haraka, ukatae. Mkaratusi nao hukausha udongo wa mahali ambapo maji ni haba, na chini yake haioti mimea mingi.

Kwa upande wa Nairobi, miti ya mukinduri, mutamaiyu na migunga ya kienyeji hulisha ndege na wadudu wanaoifahamu. Lakini si kila mahali panahitaji miti. Nyanda za Embakasi, Kitengela na Athi zilikuwa za nyasi, na wanyama wake, kuanzia kongoni hadi ndege wanaotaga chini, huhitaji upeo ulio wazi ili wamwone adui. Kupanda msitu mahali hapo ni kuwafukuza wenyeji ili kukaribisha wageni. Chunguza pia magurudumu ya malori: gugu karoti, lenye maua madogo meupe na majani yanayofanana na ya karoti, husafiri kwa mbegu zilizomo kwenye udongo unaonata, na limekwisha kuisumbua mbuga yenyewe. Ling'olewe kabla halijatoa maua, kwa glavu, kwa kuwa huwasha ngozi na kuleta shida ya kupumua.

Wanyama wameongezeka, lakini ni wa aina chache

Kongoti, mwewe, kunguru, panya na mbwa koko wakiongezeka katika timbo linalofukiwa, usihesabu hilo kuwa ni kurudi kwa uhai. Ni dalili kwamba kinachomwagwa ni takataka. Jaa la Dandora lilianza katikati ya miaka ya 1970 katika eneo la timbo la zamani, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na limeendelea kupokea taka za mji tangu hapo. Mahali kama pale, maji yanayochuja kutoka kwenye taka hushuka kuelekea mtoni, na ndege wakubwa wanaojikusanya huwa hatari kwa ndege za abiria zikiwa karibu. Tiba ni moja, nayo ni kuzuia taka langoni, kwa mlinzi anayekagua kila lori na daftari linaloonyesha limetoka wapi.

Tofautisha hali hiyo na mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai, ambayo wapenda ndege huyaita mabwawa ya Dandora. Nayo yalitengenezwa na binadamu, lakini huvutia bata, korongo na ndege wengi wahamao kwa sababu yana maji ya vina tofauti na kingo za tope. Bwawa la timbo likiachiwa kingo pana zenye maji ya kina cha magoti, matete na kisiwa kidogo, linaweza kufanya kazi kama hiyo, na kwa gharama ndogo kuliko ya kulifukia.

Nyumbu na pundamilia hawapiti tena

Mara nyingi shimo si kizuizi chenyewe. Kizuizi ni ua, taa za usiku na malori yaliyoletwa na shimo hilo. Tembea mstari wa njia yao ya zamani ukitafuta kinyesi na nyayo, na uweke alama pale zinapokatika. Zikikatikia kwenye ua, ombeni upana wa kupita. Zikikatikia barabarani, ombeni malori yasimame kati ya machweo na mapambazuko na taa zielekezwe chini. Zikikatikia kwenye nyumba mpya, timbo halihusiki, na suala ni la mipango ya ardhi ya kaunti.

Inapobidi kwenda kwa mamlaka

Vipimo vilivyoelezwa hapa vinatosha kutambua mwelekeo wa tatizo, lakini havitoshi kuthibitisha sumu. Samaki wengi wakifa kwa siku moja, mizoga ikiongezeka au ufa ukionekana juu ya ukuta karibu na makazi, acha kuchunguza peke yako na utoe taarifa. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inaiwezesha NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, kutoa amri ya kurejesha mazingira dhidi ya aliyeyaharibu. Kuhusu mlio na mtetemo kuna kanuni za mwaka 2009, na kuhusu wanyama wenyewe kuna Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013.

Barua ieleze dalili, tarehe, saa, mahali kwa kutaja alama zinazojulikana, na matokeo ya mahali pa kulinganisha. Ambatisha picha za chupa tatu zikiwa zimepangwa pamoja, vipimo vya kisima vya wiki zisizopungua nne, na mchoro wa ukuta unaoonyesha vitundu vyenye ndege. Omba kwa maandishi kwamba kusiwe na ufukiaji wowote hadi wenyeji wa shimo watakapohesabiwa, na kwamba ukaguzi wa kwanza baada ya amri ufanywe mvua za vuli zikishaanza, saa moja jioni, kando ya maji.